Bila Huba

Alipofika kwenye neno huba, aliliruka.

Ukumbi wa Bunge ulikuwa umejaa pomoni, watu wamesimama mpaka kwenye ngazi, na hakuna hata mmoja aliyegundua. Wapiga picha walikuwa wanasukumana kutafuta nafasi. Jaji Mkuu, mama mtu mzima mwenye miwani ya mnyororo, alikuwa anamtazama usoni badala ya kutazama karatasi. Mama yangu mzazi, safu ya tano kutoka mbele, alikuwa anajifuta machozi kwa kitambaa alichokikunja mara nne. Mimi ndiye niliyesikia, kwa sababu kusikia ndiyo kazi yangu, mwandishi wa kumbukumbu za Bunge. Nilikuwa kwenye kimeza changu kando ya jukwaa, vipokea sauti vimenibana masikio, na sauti yake inaniingia kama vile ananiambia mimi tu.

"Nitasimamia sheria za nchi hii," alisema, "bila woga, bila upendeleo, bila chuki..."

Hapo akainua macho kutoka kwenye kadi, akanitazama. Nilimsikia akimeza mate. Halafu akasema, "Ewe Mwenyezi Mungu, nisaidie."

Kadi ilisema: bila woga, bila upendeleo, bila chuki wala huba. Niliichapa mwenyewe siku iliyotangulia na kuisoma mara tatu.

Makofi yakalipuka. Akageuka kuutazama ukumbi, joho jeusi limemkaa mabegani, na watu waliokuwa wanamtania asubuhi ile ile wakaanza kumpisha njia. Mwanasheria Mkuu wa nchi! Kila jalada zito la polisi litaishia mezani kwake, na kalamu yake ndiyo itakayosema huyu ashtakiwe, huyu aachiwe. Nilimstahi yule mtu mpaka nikamwogopa, mimi niliyekuwa najua kwamba soksi zake hazifanani. Kisha nikainama, na mahali neno lilipotakiwa kuwa nikachora duara dogo.

Bungeni walimwita Kifungu. Kila mtu akisimama kudai jambo, yeye huuliza, "Kifungu gani?" Hata mpishi wa kantini akimwambia chai imekwisha, humuuliza hivyo hivyo. Nilijua pumzi zake kabla sijaijua sura yake. Miezi mitatu ya kwanza alikuwa sauti tu masikioni mwangu, sauti ya mbunge mgeni wa kiti cha nyuma kabisa, karani wa mahakama ndogo aliyeshinda uchaguzi kwa kura chache na bado haamini.

Hotuba yake ya kwanza ilikuwa ya kutia huruma. Alisema "Mheshimiwa Spika" mara kumi na tisa, na mwisho, badala ya kusema anaunga mkono hoja, akasema, "Naunga mkono hofu." Ukumbi ulicheka dakika nzima. Nilimwonea huruma, nikaandika hoja. Kurekebisha ulimi ulioteleza tunaruhusiwa, ila maana haiguswi.

Kesho yake aligonga mlango wa chumba cha kumbukumbu, kurasa zake mkononi. Wabunge huja kwetu kila siku kuomba tuwapambe. Huyu nilidhani ni walewale.

"Dada, hapa umeandika hoja," alisema. "Mimi nilisema hofu."

"Najua. Nimekusitiri."

"Usinisitiri. Niliogopa kweli. Watoto wangu wakija kusoma, wajue baba yao alianza akiwa anatetemeka."

"Una watoto wangapi?"

"Sijaoa bado," akasema, na akatabasamu, na mimi, kwa mara ya kwanza katika kazi hii, nikasahau nilikuwa nimefikia mstari gani.

Basi nikamrudishia kosa lake. Tangu siku hiyo akawa anakuja kila baada ya kikao, na akaanza kuniita Koma, kwa kuwa hotuba zake hazipumui na mimi ndiye ninayezipa pumzi. Miaka kumi na moja nilimwandika. Nikaandika alipokuwa mwenyekiti wa kamati ya sheria, nikaandika siku aliyosimama peke yake dhidi ya ukumbi mzima na sauti yake haikutetemeka hata chembe. Nililia usiku ule kwa kumstaajabia. Lakini neno moja hakuwahi kuniambia. Nikimwuliza, hucheka. "Koma, kwenu huku kila kitu kinaandikwa. Nitalisema siku nitakayojua kwamba sitataka lifutwe."

Mama alikuwa hamtaki. Yeye ni mkunga mstaafu, mwenye mikono mizito na maneno mazito zaidi. "Mwanasiasa? Mtu anayeishi kwa kupigiwa makofi? Ukimpikia usipompigia makofi atakula?" Hivyo alisema mpaka miezi mitatu iliyopita, kaka yangu alipokamatwa. Kaka ni mpima ardhi. Anadaiwa kusogeza mawe manne ya mpaka wa uwanja wa shule ili kiwanja cha tajiri mmoja kipanuke. Nilimwuliza kaka mara mbili kama ni kweli. Mara zote mbili alitazama viatu vyake. Jalada lake lilikuwa linasubiri uamuzi wa Mwanasheria Mkuu, na kiti cha Mwanasheria Mkuu kilikuwa wazi. Ilipotangazwa amepewa nani, mama alipiga magoti sebuleni. Tangu jioni ile Kifungu akawa "mkwe wangu."

Kumbukumbu ya kiapo ilitakiwa isainiwe saa kumi jioni. Saa saba mchana nilikuwa chumbani kwetu, chumba kisicho na dirisha, feni inalalamika juu, mguu wangu uko kwenye kanyagio la kurudisha sauti nyuma. Nilikuwa nimesharudisha mara sita. Mlango ukagongwa vilevile kama miaka kumi na moja iliyopita, mara mbili na kisha mara moja.

Aliingia peke yake. Walinzi wake wapya niliwasikia wakikohoa nje. Alivua joho, akalitundika kwenye kiti cha mwenzangu aliyekuwa likizo, akakaa.

"Koma."

"Mheshimiwa."

"Ah! Leo mimi ni mheshimiwa?"

"Vaa hivi," nikamwambia, nikampa vipokea sauti. Nikakanyaga.

Nilimwona akijisikiliza. Bila woga, bila upendeleo, bila chuki. Kimya. Nisaidie. Alivua taratibu, akaviweka mezani.

"Nilijua utasikia wewe tu," alisema.

"Uliteleza?"

Angeweza kusema ndiyo, na ningemwamini, maana nilitaka sana kumwamini. Alinitazama kwa macho yale yale ya pale jukwaani, macho ya mtu aliyefika mtoni akakuta daraja halipo.

"Hapana," akasema. "Nilikuona. Nimesimama pale, ulimi wangu umefika kwenye neno, na wewe uko pale kwenye kimeza chako, unywele umekuangukia usoni. Nikajiuliza, naapaje mbele ya huyu kwamba sina huba? Na jana waliniletea lile jalada mapema, nikalifungua, Koma. La kaka yako. Nimelisoma lote. Nikisema bila huba, nimekwisha kulisaini ashtakiwe. Nikilisaini, nimekupoteza. Basi nikaliruka."

Miaka yote hiyo nikilisubiri neno lile, na sasa nililipata likiwa limekunjwa ndani ya kosa.

"Sasa unataka nini?" nikamwuliza.

"Andika kama kadi inavyosema. Jaji hakusikia, ukumbi haukusikia. Liweke tu neno mahali pake, watu wafurahi. Mimi nitajua, na wewe utajua."

Nilifungua droo ya chini, nikatoa bahasha ya zamani, nikamwekea mbele yake ukurasa mmoja uliochakaa pembeni. Alisoma mstari mmoja tu. Naunga mkono hofu.

"Umeitunza," alisema, sauti imepungua.

"Huyu nilimpenda," nikasema. "Huyu aliyekuja hapa kuomba kosa lake lirudishwe. Wewe uliyekuja leo kuomba nikupambe, sikujui. Wa aina yako huwa wanakuja kila siku, hukaa hapohapo ulipokaa."

Alifumba macho. Nilijua nimemuumiza, na iliniuma mimi kabla ya yeye.

Hapo mlango ukafunguka bila kugongwa. Mama yangu hagongi milango. Miaka thelathini na nne ya wodi ya wazazi imemfundisha kwamba anayegonga huchelewa. Alikuwa amesimama nje muda gani, sijui. Alichosikia kilikuwa kinatosha.

"Msinifunge macho," alisema, akajibwaga kwenye kiti. "Neno limerukwa. Nani amefanya lirukwe? Mungu. Ameona machozi yangu. Mkwe wangu, wewe umekula kiapo kisicho na neno hilo, basi huba unayo ruhusa ya kuitumia. Mtoe mwanangu."

"Mama," nikasema.

"Nyamaza, naongea na mtu mzima. Mheshimiwa, wanasema sheria ni msumeno. Sawa. Lakini msumeno una mshikaji, haujiendei wenyewe. Mimi nimezalisha tangu hujazaliwa. Kilichotoka hakirudishwi, na ambacho hakijatoka hakivutwi kwa nguvu. Neno halikutoka. Liacheni!"

Kifungu alimtazama mama kwa heshima, kisha akanigeukia. Aliuliza polepole, kama mtu anayejiuliza mwenyewe.

"Ni kifungu gani kinachosema kiapo pungufu si kiapo?"

"Cha tano, kifungu kidogo cha pili," nikamjibu bila kutazama kitabu. "Kiapo kisichotamkwa chote kitahesabika hakikuliwa. Ulikipigania wewe kwa siku tatu. Wenzako walisema ni upuuzi. Nilikuandika mpaka vidole vikavimba."

Alianza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na mama akamshangaa.

"Kwa hiyo mpaka sasa mimi si lolote," alisema.

"Si lolote. Ni raia mwenye joho la kuazima."

"Na ukiandika ukweli, na mimi nikiapa upya?"

Nilimwona kaka yangu, aliyenibeba mgongoni kwenda shule wakati wa mvua. Nilimwona mama. Na nilimwona mwanamume huyu kwa umbali mkubwa, juu kabisa, mahali ambapo mkono wangu haumfikii.

"Nitaandika ukweli," nikasema. "Halafu utaapa, na utalisema neno, na mimi nitaliandika. Sitaki mume aliyeapa nusu. Ukiweza kumpunja Mungu neno moja kwa ajili yangu, siku moja utanipunja mimi kwa ajili ya mwingine."

Alisimama. Akavaa joho lake mwenyewe, bila kusaidiwa, akalifunga vifungo vyote mpaka shingoni. Mlangoni aligeuka akamwambia mama, "Nisamehe, mama." Kisha akawaambia walinzi wamwonyeshe njia ya kwenda kwa Jaji Mkuu.

Mama hakunipigia kelele, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alikaa akitazama mikono yake.

"Umemuuza kaka yako kwa neno moja," alisema.

"Mama, alisogeza mawe au hakusogeza?"

Alichukua kitambaa chake, akakikunjua, akakikunja tena mara nne. Ndipo nilipojua kwamba naye alishamwuliza kaka, na kwamba mbele yake pia kaka alitazama viatu.

Saa tisa na nusu tuliitwa. Chumba cha Jaji Mkuu kilikuwa kidogo, kimejaa vitabu mpaka kwenye sakafu. Hakukuwa na wapiga picha wala makofi. Alikuwapo Jaji, katibu wake kama shahidi, mimi na mashine yangu, na yeye. Mama alikataa kuingia. Akasimama mlangoni, mkoba wake umebanwa kwapani.

"Katika miaka yangu yote," Jaji alisema, akimtazama juu ya miwani, "nimeona watu wakiiba kura, wakiiba majalada, wakiiba hata mihuri. Sijawahi kuona mtu aliyepewa ukuu anaurudisha ili apewe tena vizuri. Na mimi sikuitazama kadi, tuseme ukweli. Haya, mwandishi, uko tayari?"

"Niko tayari, Mheshimiwa Jaji."

Kifungu aliinua mkono. Hakusoma kadi safari hii. Alinitazama mimi, na hakuondoa macho.

"Nitasimamia sheria za nchi hii bila woga, bila upendeleo, bila chuki," alisema, na sauti yake ikatulia kama maji mtungini, "wala huba. Ewe Mwenyezi Mungu, nisaidie."

Niliandika. Herufi nne tu, na zilinilemea kuliko kurasa zote za miaka kumi na moja. Nilisikia mama akishusha pumzi mlangoni. Mtu aliyekuwa wangu alikuwa amekwenda, na aliyesimama mahali pake alikuwa mkubwa kiasi kwamba nilitaka kusimama na mimi kwa kumheshimu. Nikasimama kweli, bila kujua.

"Kaa, binti," Jaji alisema kwa upole. "Hongera, Mwanasheria Mkuu. Sasa tukapumzike."

"Mheshimiwa Jaji, bado," alisema. "Naomba iingie kwenye kumbukumbu hii hii kabla sijaingia ofisini. Mwandishi, tafadhali andika."

Nikakaa. Nikaweka vidole tayari.

"Kuna jalada la mpima ardhi anayedaiwa kusogeza mawe ya mpaka wa uwanja wa shule. Sitalitolea uamuzi, wala sitamwelekeza mtu juu yake. Naomba wewe, Mheshimiwa Jaji, uteue wakili wa nje, asiyenijua wala kuijua familia hiyo. Sababu ni moja. Nina huba na dada yake."

Vidole vilisimama. Katibu aliangusha kalamu. Jaji akavua miwani, ikaning'inia kwenye mnyororo wake.

"Kijana," alisema, "umetoka kuapa bila huba sasa hivi. Wino haujakauka!"

"Nimeapa kutenda bila huba, Mheshimiwa," alijibu. "Sikuapa kwamba sina. Ninayo. Ninayo tangu nilipounga mkono hofu. Ndiyo maana lile jalada silishiki."

Jaji alimtazama. Kisha akanitazama mimi, na nadhani alielewa mambo yote kwa mpigo, unywele wangu usoni, duara langu dogo, na mama mlangoni.

"Mwandishi, umeandika?"

"Ndiyo, Mheshimiwa Jaji."

"Tusomee. Kumbukumbu husomwa kabla ya kusainiwa."

Niliisoma. Nilisoma habari za jalada, za mawe, za wakili wa nje. Nikafika mwisho, nikapata kigugumizi kama mbunge mgeni. "Sababu ni moja," nikasoma. "Nina huba na dada yake."

"Soma tena hapo mwisho," ilisema sauti ya mama kutoka mlangoni. "Sijasikia vizuri."

Mama yangu husikia mtoto akigeuka tumboni. Lakini nilisoma tena, kwa sauti, na wakati huu sikumtazama mtu mwingine ila yeye, na yeye alisimama wima ndani ya joho lake zito huku machozi yakimshuka, hayafuti.

Mama aliingia. Alisimama mbele ya Mwanasheria Mkuu wa nchi, akalazimika kuinua kidevu kumtazama.

"Na mwanangu?"

"Atasikilizwa na mtu ambaye hajawahi kumwona dada yake, mama. Kama hakusogeza mawe, atarudi nyumbani akiwa safi, na hakuna atakayesema alibebwa. Kama alisogeza..."

"Kama alisogeza, nitampelekea sabuni na mswaki mwenyewe," mama alisema, na sauti yake ikakatika hapo. Alipangusa uso. Alimtazama tena, kwa muda, kama alivyokuwa akiwatazama kina baba wanaosubiri nje ya wodi. "Mficha uchi hazai. Miaka kumi na moja unamzungusha binti yangu, umekuja kumwambia mbele ya Jaji. Hukuona mahali pengine?"

"Nilitaka liandikwe, mama."

Mama alinigeukia. Vidole vyangu vilikuwa bado juu ya mashine, na taa yake nyekundu ilikuwa bado inawaka.

"Hiyo mashine inaandika mpaka sasa?"

"Inaandika, mama."

"Basi andika. Mimi, mama wa mpima ardhi na wa mwandishi, sijasema ndiyo." Alibana mkoba wake kwapani, akaanza kuondoka, akasimama. "Lakini usije ukaandika kwamba nimesema hapana."

Nikaandika hivyo hivyo, neno kwa neno. Kisha nikaweka koma.